Mfumo wa kuvuta vumbi wa kujengea ukutani: kweli unasaidia hewa ya ndani? (Ujenzi Moshono, Arusha)

MamaWawili_Moshono

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaolijua jambo hili kwa undani.

Nyumba iko Moshono, haina ghorofa. Ina vyumba vitatu, sebule, sehemu ya kulia chakula, jiko na stoo, jumla kama mita za mraba 140. Ukuta ni wa tofali za inchi 6, jamvi limeshamwagwa, lenta (mkanda wa zege juu ya kuta) nayo imeshamwagwa. Bati na plasta bado. Barabara ya mbele ni ya vumbi, na kiangazi kikikolea vumbi linaingia mpaka ndani ya makabati. Mtoto mmoja ana pumu.

Nauliza kuhusu ule mfumo ambao mashine inafungwa stoo au gereji, mabomba yanasambaa nyumba nzima, halafu kila sehemu kuna tundu ukutani unachomeka mpira na kusafisha. Je, hewa ya ndani inakuwa bora kuliko ukitumia mashine ya kawaida ya kuburuta, au ni maneno ya wauzaji? Mabomba ya PVC ya kwenye hardware zetu yanafaa? Na ni kitu gani lazima kifanyike sasa kabla ya plasta, hata kama mashine yenyewe itanunuliwa baadaye?

---

HewaYaNdani_Sakina

Dada, pole kwa mtoto. Nianze na swali lako la kwanza, maana ndilo linaloamua mengine.

Mfumo huu hausafishi hewa. Kazi yake ni kuondoa vumbi lililokwisha kutua sakafuni, kwenye makochi na magodoro, bila kulirusha tena hewani. Ukiuelewa hivyo hutadanganywa na muuzaji, na pia hutaudharau.

Mashine ya kuburuta inavuta hewa yenye vumbi, inaipitisha kwenye mfuko au filta, kisha hewa hiyohiyo inatokea mgongoni mwake, humohumo chumbani. Chembe kubwa zinabaki. Ndogo zinapenya kwenye filta dhaifu, na nyingi zaidi zinapita pembeni, kwenye mfuniko usiokaza na raba zilizochakaa. Isitoshe, ule upepo wa kutokea unapuliza vumbi la sakafuni ambalo bado hujalifikia, na mota za brashi za kaboni zinaongeza unga wake mweusi. Kwenye mfumo wa ukutani hewa inatupwa nje ya nyumba, kwa hiyo hata filta ikipitisha chembe ndogo, zinaishia uwanjani.

Kwa nini chembe ndogo zinatusumbua kiasi hicho? Katika hewa tulivu, chembe ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) inashuka kama milimita 3 kwa sekunde. Kutoka mita 2 juu inafika sakafuni ndani ya dakika 11 hivi. Chembe ya mikroni 1 inahitaji zaidi ya saa 15 kushuka umbali huohuo, na nyumba yenye watu wanaotembea haitulii saa 15. Ukifagia kavu asubuhi, kilichotimuliwa na ufagio bado kinaelea mtoto akirudi shule. Na hizo ndogo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango chake cha chembe za chini ya mikroni 2.5 hadi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Hicho ni kiwango kidogo sana kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi.

Wazo la kuweka mashine nje si la jana. Mwaka 1901 Hubert Cecil Booth wa Uingereza alitengeneza mashine iliyokokotwa na farasi. Ilisimama barabarani, mipira ikaingizwa ndani kupitia madirishani. Mota iliingia chumbani baadaye, mashine zilipopungua ukubwa.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi: bomba zima kuanzia tundu la ukutani hadi kwenye mashine liko upande wa kunyonya. Kiungo kikivuja, kinaingiza hewa, hakitoi vumbi. Utapoteza nguvu ya kuvuta lakini hutachafua nyumba. Hatari ya kutoa vumbi iko baada ya mota, kwenye bomba la kutolea nje tu. Kipande hicho kifupi ndicho cha kusimamiwa kwa macho yako mwenyewe.

Sasa usichokipata. Moshi wa mkaa, udi, dawa ya mbu ya kuchoma, harufu ya rangi mpya na ukungu wa kuta zenye unyevu, vyote hivyo mashine ya vumbi haivigusi. Kama jikoni mnapikia mkaa ndani, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya bomba lolote. Wadudu wa vumbi wanaoishi kwenye godoro nao wanang'ang'ania nyuzi. Mashine inaondoa kinyesi chao na magamba, ambayo ndiyo yanayochochea pumu, lakini wadudu hai wanabaki. Hao wanataka mashuka kufuliwa kwa maji ya nyuzijoto 60 kila wiki na godoro kuvalishwa kifuniko chenye zipu kinachofunika pande zote. Kuondoa vumbi kunapunguza vichochezi, hakuponyi pumu. Dawa za mtoto zisiguswe bila daktari wake.

---

FundiBomba_UsaRiver

Shikamoo mama. Hapo kwenye lenta ndipo penye kazi, nitapafikia. Kwanza bomba.

Bomba linalotakiwa ni la kipenyo cha nje milimita 50 hadi 51, yaani inchi 2. Mafundi wengi watakwambia weka inchi 3 lisizibe. Wakatalie. Mashine ya nyumbani ikiwa na mpira inavuta kama mita za ujazo 150 kwa saa. Kwenye bomba la inchi 2 hewa hiyo inakimbia karibu mita 24 kwa sekunde, na mwendo huo unabeba mchanga na nywele hata bomba likipanda wima. Kwenye inchi 3 mwendo unashuka hadi kama mita 10, mchanga unalala chini ya bomba, unajikusanya, unaziba. Bomba jembamba kidogo linajisafisha lenyewe.

PVC ya maji taka ya inchi 2 inaweza kutumika kwa vipande vilivyonyooka, mradi kipenyo kilingane na matundu na mashine utakayonunua, kwa hiyo jua kwanza ni mfumo gani. Kasoro iko kwenye elbo. Elbo za nyuzi 90 za maji taka zimekunjwa kwa ghafla na zina ngazi ndani inayokamata nywele. Kila kona tumia elbo mbili za nyuzi 45 zenye kipande cha bomba kati yake, au agiza zile za mkunjo mpana pamoja na mashine. Mahali pamoja tu ndipo elbo fupi kali inapowekwa kwa makusudi, nayo ni nyuma ya tundu la ukutani. Kijiti au pini ikivutwa, inakwama pale unapoweza kuichomoa kwa vidole badala ya kwenda kukwama darini.

Matawi yaunganishwe kwa wai (kiungo chenye umbo la Y), si kwa tii (chenye umbo la T), na mkono wa wai ulale kuelekea mashine. Tawi litoke ubavuni au juu ya bomba kuu. Likitoka chini, uchafu wa matundu mengine utadondokea humo.

Gundi: paka nje ya bomba tu, kamwe usipake ndani ya soketi, yaani mdomo wa kiungo bomba linapoingia. Ukipaka ndani, bomba linasukuma gundi mbele na inaganda kama ukingo ndani ya njia, na kila unywele unaopita unaning'inia hapo. Kata bomba kwa pembe mraba, toa vinyweleo vya msumeno kwa kisu na msasa ndani na nje, kisha ingiza hadi mwisho wa soketi. Kazi hii ikiharakishwa, nyumba inaziba mwaka wa kwanza.

Sasa lenta. Bomba la darini likitaka kushuka ndani ya ukuta lazima livuke lenta, na yako imeshamwagwa. Usimruhusu mtu yeyote aipasue kwa nyundo na tindo. Atakata nondo au kuulegeza mshiko wa zege, na nyumba nzima imefungwa na mkanda huo. Ambaye bado hajamwaga aongee na mhandisi wake, aache kipande cha bomba la milimita 63 kimesimama katikati ya nondo kwenye boksi la mbao. Wewe shusha bomba nje ya uso wa ukuta, kwenye kona, kisha lifunikwe kwa boksi la jipsamu au liingie ndani ya kabati la nguo la kujengea. Boksi la sentimita 10 kwa 10 linatosha, na elbo ya nyuma ya tundu inakaa humo bila kuchimba ukuta. Faida nyingine, likihitaji matengenezo linafikika.

Kwa wanaotaka kuchana ukuta chini ya lenta: mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta. Tofali ya inchi 6 inapokea bomba la inchi 2 ikiwa imefika ukomo, ya inchi 5 haipokei. Mfereji wa kulala kwa bomba hili usifanyike kabisa, na tofali za matundu zisiguswe.

Idadi ya matundu: usihesabu vyumba. Chukua kamba ya mita 9, ambayo ndiyo urefu wa mpira wa kawaida, ishike pale unapotaka tundu, kisha itembeze mpaka kona ya mbali ya kila chumba ukizunguka mahali pa kitanda na makochi. Kwa mita 140 yatatosha matatu. Moja koridoni, moja sebuleni, la tatu upande wa jiko na stoo. Yawe sentimita 30 hadi 45 kutoka sakafuni, na yasiwe nyuma ya mlango unaofunguka. Koridoni ni pazuri zaidi kuliko chumbani kwa sababu tundu moja linahudumia vyumba viwili au vitatu.

Darini funga bomba kila mita 1.2 hadi 1.5 kwenye mbao ili lisilegee. Pamoja nalo pitisha waya wa nyuzi mbili wa kuwashia mashine kutoka kwenye matundu. Na kabla mpiga plasta hajaanza, kila mdomo uzibwe kwa kifuniko kilichobana. Mchanga wa plasta ukiingia humo utautoa kwa taabu sana.

---

Mota_na_Umeme_Moshi

Naongezea upande wa umeme, na jambo moja la huku kwetu ambalo halimo kwenye vitabu vya mashine.

Nguvu ya kuvuta inayoandikwa kwenye boksi imepimwa usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama mita 1,400, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Moshi mjini, chini ya mita 1,000, ni kama asilimia 10. Feni ikizunguka kwa kasi ileile kwenye hewa nyepesi, mvuto unashuka kwa uwiano huo. Mashine ya inchi 130 za maji (kipimo cha nguvu ya kuvuta) itakupa kama 110 Arusha na 117 Moshi. Inatosha kwa nyumba isiyo na ghorofa, lakini ukichagua mashine iliyo ukingoni mwa ukubwa wa nyumba yako utajuta. Panda ngazi moja. Hewa nyepesi inapoza mota vibaya pia, kwa hiyo filta iliyoziba inaua mota haraka huku kuliko Dar.

Angalia kibati cha mashine kabla hujalipa. Nyingi zilizotumika zinazoingia kutoka Marekani ni za volti 120. Ukichomeka kwenye 230 ya TANESCO, mota inakufa papo hapo. Transfoma inawezekana, lakini mashine ya ampea 15 inataka ya VA 3,000 hivi ili isichemke, na ile transfoma ndogo ya ndani inayotoa volti 24 za kuwashia imetengenezwa kwa hezi 60, kwenye 50 inapata joto zaidi. Tafuta ya volti 220 hadi 240, hezi 50, basi.

Mashine ya wati 1,800 inakula kama ampea 8 kwenye 230. Ipe laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 2.5 za mraba, breka ya ampea 16, na ethi ya kweli. Ule waya mwembamba wa kuwashia matundu ni wa volti 24. Usiupitishe kwenye kondiuti moja na umeme mkubwa hata kama nafasi ipo, maana waya wa 230 ukichubuka humo, volti 230 zinakuja kwenye tundu ambalo mtoto anaweka kidole. Milimita 0.75 inatosha, unafungwa juu ya bomba kwa zipu.

Gharama ya umeme isikutishe. Nusu saa ya mashine hiyo ni uniti 0.9.

Brashi za kaboni hudumu mara nyingi saa 500 hadi 1,000. Nunua jozi ya akiba pamoja na mashine, na mifuko ya miaka miwili, kwa sababu havipatikani hardware ya karibu.

---

MamaWawili_Moshono

Marahaba fundi, na asanteni sana wote, nimeelewa suala la lenta. Stoo iko pembeni ya jiko, na ukuta wake wa nje uko mita 2 hivi kutoka dirisha la chumba cha watoto. Hewa chafu itokee wapi? Kuna fundi amependekeza itupwe darini ili isionekane nje.

---

HewaYaNdani_Sakina

Darini hapana, dada, kwa hali yoyote. Chembe zilezile ndogo zinazopita kwenye filta zitajaa juu ya silingi, halafu zitashuka taratibu kupitia matundu ya taa, nyufa za pembeni na mlango wa dari. Utakuwa umelipia mtambo wa kuhamisha vumbi kutoka sakafuni kwenda juu ya kichwa cha mtoto.

Mita 2 kutoka dirishani ni karibu mno. Lenga mita 3 au zaidi kutoka dirisha au mlango wowote, na upande ambao upepo wa kawaida unapeleka mbali na nyumba. Bomba la kutolea liwe fupi. Mita 3 hadi 5 na kona mbili haina shida, zaidi ya hapo mota inaanza kusukuma dhidi ya kizuizi. Kwako naona mawili: au uzungushe bomba mpaka ukuta wa nyuma wa stoo, au mashine ihamie gereji kama ipo.

Mdomo wa nje usielekee chini kwenye udongo mtupu. Udongo wetu wa volkano ukikauka ni unga, na ule upepo utautimua na kuurudisha dirishani. Uwe nusu mita au zaidi kutoka ardhini, uelekee pembeni, mbele yake pawe na majani au pavingi. Weka kifuniko cha kujifunga ili nyigu na mijusi wasiingie, lakini si wavu wenye matundu madogo, kwa sababu unaziba kwa vumbi na hakuna atakayekumbuka kuusafisha.

Viungo vya kipande hiki ndivyo nilivyosema vinaweza kutoa vumbi. Vipakwe gundi vizuri, kisha vipimwe: washa mashine, shika kijiti cha udi kinachofuka polepole kando ya kila kiungo. Moshi ukisukumwa, kinavuja. Kwenye viungo vya upande wa kunyonya moshi utavutwa ndani ya kiungo, nako ni kuvuja, ila ni kwa kupoteza nguvu tu. Fanya hivyo kabla boksi za jipsamu hazijafungwa.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo watu wengi wanaisahau. Nyumba ya mita za mraba 140 yenye dari ya mita 2.8 ina hewa kama mita za ujazo 390. Mashine ikifanya kazi nusu saa inatoa nje mita za ujazo 75, karibu moja ya tano ya hewa yote, na hewa hiyo lazima ifidiwe kutoka nje. Itaingilia wapi? Kama dirisha la barabarani liko wazi na ni mchana wa Septemba, utavuta vumbi la barabara ukidhani unasafisha. Fungua dirisha moja la upande wa nyuma, funga ya barabarani, na safisha mapema asubuhi kabla magari hayajachangamka. Na kama kuna hita ya maji ya gesi ndani, au jiko la mkaa linalowaka, isiwashwe wakati huo nyumba ikiwa imefungwa: mvuto unaweza kurudisha moshi wake ndani, na moshi wa mkaa una kaboni monoksidi inayoua bila harufu.

---

Mrau_1

Na sisi wenye nyumba zilizokwisha? Niko Rau, Moshi, sakafu ni vigae kote, kapeti moja sebuleni. Nivunje?

---

HewaYaNdani_Sakina

Usivunje, ndugu. Kutindua nyumba inayokaliwa kutazalisha vumbi la saruji la miezi, na faida utakayopata kwenye vigae ni ndogo.

Nunua mashine ya kuburuta yenye mfuko wa kutupa na filta ya HEPA (filta ya kunasa chembe ndogo sana) ya daraja H13, ambayo inakamata angalau asilimia 99.95 ya zile chembe zinazopenya kirahisi kuliko zote. Muhimu kuliko filta ni mwili wa mashine kuzibwa vizuri, kwa sababu filta bora kwenye kasha linalovuja ni kazi bure. Jaribu hivi: zima taa usiku, washa tochi kali nyuma ya mashine inayofanya kazi, tazama kama kuna chembe zinazong'aa kwenye mwanga zikitoka. Ukiwa na kipimo kidogo cha chembe za mikroni 2.5, soma kabla ya kusafisha, wakati wa kusafisha, na dakika 30 baadaye. Namba ikipanda sana wakati mashine inawaka, mashine ndiyo mchafuzi.

Halafu punguza vumbi linaloingia, kwa sababu kwa nyumba nyingi za huku pesa hiyo inafanya kazi zaidi kuliko mashine yoyote. Weka zulia gumu la kukwangulia nje ya mlango na laini la kunyonya ndani, yote mawili marefu kiasi cha hatua mbili. Ziba pengo chini ya mlango wa mbele kwa raba. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yana brashi za nyuzi kwenye reli zake, na zikichakaa vumbi linapita kana kwamba dirisha halipo. Mafundi aluminiamu wanazibadilisha. Panda darini uangalie nafasi kati ya bati na ukuta. Pale ndipo upepo unapoingiza vumbi linalodondoka kupitia taa.

Ufagio mkavu ndani uachwe. Mashine kwanza, kisha deki kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Ukianza na deki unatengeneza tope jembamba ambalo likikauka linakuwa unga uleule. Kapeti la sebuleni, kama kuna mwenye mzio, litolewe tu.

---

FundiBomba_UsaRiver

Nimalizie na matunzo, kwa sababu mfumo mzuri unaharibiwa na namna ya kuutumia.

Ndoo ya vumbi ndiyo mahali pekee ambapo vumbi la miezi mitatu linaweza kumrudia mtu usoni kwa mara moja. Penye mgonjwa wa pumu, chukua mashine ya mfuko, unaofungwa mdomo na kutupwa mzima. Kama ni ya ndoo na filta ya kitambaa, imwagwe nje, upepo ukiwa mgongoni, ndani ya mfuko wa plastiki, mtu akiwa na barakoa ya N95, na mtoto asiwe karibu. Usingoje ijae, theluthi mbili inatosha. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba itajaa haraka zaidi. Filta ya kitambaa ikungutwe ikiwa ndani ya mfuko huohuo.

Usiuzindue mfumo kwa vumbi la ujenzi. Unga wa jipsamu na saruji unaziba filta kwa siku moja, na ukikutana na unyevu unaganda ndani ya bomba. Nyumba ifagiliwe na kupigwa deki hadi maji yawe safi, ndipo mashine iwashwe. Majivu ya jiko hayavutwi kamwe, hata yakionekana yamepoa, kwa sababu kaa moja dogo likipata upepo kwenye mfuko wa vumbi linawaka. Maji pia hapana.

Tundu moja kwa wakati mmoja. Mawili yakifunguliwa pamoja, kila moja linapata nusu na mwendo ndani ya bomba unashuka chini ya ule wa kubeba mchanga.

Mvuto ukipungua, usianze kulaumu mota. Chomoa mpira, weka kiganja kwenye tundu la ukutani. Likivuta vizuri, kizuizi kiko kwenye mpira, na mara nyingi ndivyo ilivyo kwa sababu mpira ndani ni kama milimita 32 tu, mwembamba kuliko bomba. Ugeuze, uchomeke upande wa pili, mashine ivute kinyume. Kama tundu lenyewe ndilo dhaifu, jaribu mengine. Yote yakiwa dhaifu, kagua filta na mdomo wa kutolea nje. Likiwa moja tu, ziba tundu hilo kwa kiganja sekunde mbili, achia, rudia mara kadhaa; mshtuko wa hewa hutoa vingi. Usichokonoe kwa waya wa nondo, utatoboa elbo. Na kabla ya kukata bomba darini, fungua tundu utazame ile elbo fupi ya nyuma yake kwa tochi. Pini za nywele na njiti za meno hulala hapo zikiwa zimekingama, na ncha ya koleo jembamba inazitoa.

Mama, piga picha za kila bomba kabla ya silingi kufungwa, ukiweka futi ya kupimia ndani ya picha, ili atakayetoboa dari miaka kumi ijayo ajue lilipo.